Misitu ya Bukini inateketea, na bandari yetu imo katika habari hiyo

Wazee wetu wa Pwani waliposema Bukini walikuwa na maana ya Madagaska. Majahazi ya huku kwetu yalikuwa yakifika Mahajanga, bandari ya kaskazini magharibi mwa kisiwa hicho, na huko kuna Waislamu waitwao Antalaotra ambao asili yao imechanganyika na ya Waswahili. Hata leo Mmalagasi humwita ng'ombe omby, kuku akoho, mbwa amboa na kanga akanga. Wanyama hao walivushwa kutoka bara pamoja na majina yao. Wale wa msituni ndio hawana majina kwetu, kwa kuwa hatujawahi kuishi nao: babakoto, sifaka, fosa.

Vijana wengi wanaijua nchi hii kwa ile filamu ya vibonzo ya mwaka 2005 tu. Nianze basi kwa kusema kwamba simba, twiga na punda milia wa filamu ile hawapo Bukini. Kilichopo ni cha ajabu zaidi, na sehemu kubwa yake iko mbioni kwisha. Naandika makala haya kwa sababu uharibifu huo umewahi kupitia bandari ya Mombasa, na kwa sababu baadhi ya tiba zinazojaribiwa kule zinafanana na zetu za Gazi na Kuruwitu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kila habari ya Bukini ikitajwa, lawama humwangukia mkulima maskini mwenye panga na kiberiti. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni wenye pesa na vyeo wanaoingia msituni kila serikali inapoyumba, na sheria zilizowafungia wenyeji mlango bila kuwapa njia nyingine ya kula.

Bukini ni kisiwa cha nne kwa ukubwa duniani. Kina kilomita za mraba 587,000 hivi, yaani kinaizidi Kenya kidogo. Kilitengana na Afrika yapata miaka milioni 160 iliyopita, kisha kikaachana na India yapata miaka milioni 88 iliyopita. Mlango wa bahari wa Msumbiji, hata pale ulipo mwembamba, una upana wa kilomita 400 hivi. Mnyama aliyebahatika kuvuka, pengine kwa kuelea juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko, alijikuta peke yake bila chui wala nyani wa kushindana naye. Wajukuu wake wakageuka kuwa viumbe visivyo na mfano kwingine.

Lemuri ndio mashuhuri zaidi. Komba wetu, yule anayepanda mnazi usiku kunywa tembo la mgema, ni binamu yao wa mbali. Huku komba walibaki wadogo na wa usiku, ilhali kule jamaa zao walitapakaa hadi kufikia aina zaidi ya 100. Mdogo kuliko wote, anayeishi magharibi karibu na Morondava, ana uzito wa gramu 30 hivi na ndiye mdogo kabisa katika jamii nzima ya nyani na kima duniani. Mkubwa ni babakoto, ambaye wageni humwita indri. Hana mkia wa maana, na asubuhi hulia kwa sauti inayosikika mbali katika misitu ya mashariki. Fosa anaweza kudhaniwa paka mkubwa au chui mdogo, lakini hayuko katika ukoo wa paka. Ndiye mla nyama mkubwa kuliko wote kisiwani, na huwakimbiza lemuri hadi juu ya miti. Karibu nusu ya aina za vinyonga duniani wako huko, mmoja wao, aliyetangazwa na wataalamu mwaka 2021, akiwa mdogo kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kidole.

Halafu kuna mibuyu. Sisi tuna aina moja, ile tunayotengenezea mabuyu ya rangi. Dunia nzima ina aina 8, na 6 kati yake humea Bukini peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 unaonyesha kwamba huenda asili ya mibuyu yote ni huko, na mbegu zikasafiri na maji hadi Afrika na Australia. Ndugu msomaji, ukikumbuka kelele za mwaka 2022, mibuyu ya Kilifi ilipong'olewa ili isafirishwe hadi bustani ya Georgia, utaona kwamba thamani ya mti huu haijaeleweka vizuri hata kwetu.

Hasara ya Bukini haikuanza jana. Watu walifika kisiwani kutoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki na kutoka Afrika, na walikuta ndege asiyeruka mwenye urefu wa mita 3 hivi, ambaye yai lake moja lilikuwa na ujazo wa mayai ya kuku zaidi ya 100. Walikuta lemuri mwenye ukubwa wa sokwe, na viboko wafupi. Wote hao wametoweka, na yapata miaka 1,000 iliyopita wengi wao walikuwa wamekwisha. Uwindaji, moto, mifugo na mabadiliko ya hewa vyote vinatajwa.

Ila kasi ya miaka ya karibuni ni jambo jingine. Kati ya mwaka 1953 na 2014 Bukini ilipoteza asilimia 44 ya misitu yake ya asili. Mwaka 2020 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilipotoa orodha yake, aina 103 kati ya 107 za lemuri zilikuwa hatarini, na 33 kati ya hizo zilikuwa ukingoni kabisa.

Njia kuu ya uharibifu huitwa tavy. Mkulima wa mashariki hufyeka kipande cha msitu mlimani, hukiacha kikauke, hukichoma kabla ya mvua, kisha hupanda mpunga kwenye majivu. Msimu wa kwanza mavuno ni mazuri. Wa pili hupungua. Baada ya hapo udongo umechoka, naye huhamia kipande kingine. Zamani shamba lililoachwa lilipumzika miaka mingi hadi msitu ukarudi. Sasa watu ni zaidi ya milioni 30, ardhi haipati nafasi ya kupumzika, na kinachoota ni nyasi na vichaka. Wazee wa Kwale na Kilifi hawahitaji kuelezwa kilimo hiki, kwani hata huku kufyeka na kuchoma ndiko kulikuwa kulima.

Kwenye nyanda za juu udongo mwekundu ulio wazi huchukuliwa na mvua. Mto Betsiboka huufikisha hadi ghuba ya Mahajanga, na picha zilizopigwa kutoka angani zinaonyesha maji yamekuwa mekundu kama damu. Mtu wa Malindi aliyeuona Mto Sabaki ukiingia baharini wakati wa masika ana picha hiyo hiyo kichwani, ila ya Betsiboka ni kubwa zaidi. Mjini nako watu hupikia makaa. Kule Toliara, kusini magharibi, makaa hutoka katika msitu wa miiba, msitu mkavu wa mimea ya ajabu ambayo sehemu kubwa yake haipo popote pengine, na humea taratibu sana.

Je, serikali hazikuona? Ziliona. Malkia Ranavalona wa Pili alikataza kuchoma misitu katika sheria zake za mwaka 1881, kabla hata ya Wafaransa kuitwaa nchi mwaka 1896. Wafaransa nao wakakataza tavy, huku wakigawa misitu kwa makampuni ya mbao na mashamba ya kahawa. Nchi ikapata uhuru mwaka 1960, na marufuku ikabaki. Zaidi ya miaka 140 ya kukataza, na moshi bado unapanda kila mwisho wa kiangazi. Mtu ambaye chakula cha wanawe kitatoka kwenye kipande kile hawezi kuzuiwa kwa karatasi. Na Bukini ni nchi ambayo zaidi ya watu 7 kati ya 10 ni maskini.

Ukame wa kusini umeongeza mzigo. Huko Androy mvua zilikosekana mfululizo kuanzia mwaka 2019, na zaidi ya watu milioni moja wakahitaji msaada wa chakula. Wenyeji wana neno lao la njaa ya namna hiyo, kere, kwa sababu wameizoea. Umoja wa Mataifa uliitaja kuwa njaa iliyoletwa na mabadiliko ya tabianchi. Wanasayansi waliochunguza mwishoni mwa 2021 wakasema mabadiliko hayo hayakuwa na sehemu kubwa katika ukame ule, na kwamba umaskini na kutegemea mvua peke yake ndivyo vilivyougeuza kuwa balaa. Nalitaja hilo kwa sababu siku hizi kila kiongozi akishindwa kazi yake husingizia tabianchi.

Familia nyingi za kusini zilihamia Menabe, eneo la Morondava, zikafyeka msitu mkavu na kupanda mahindi na njugu. Msitu huo ndio makao pekee ya yule lemuri wa gramu 30, na ya panya mkubwa anayeruka kama sungura. Wanaofyeka ni wageni wenye njaa, lakini mahindi na njugu zao hununuliwa na wafanyabiashara wasioshika jembe.

Hapa ndipo wakubwa wanapoingia. Machi 2009 Rais Marc Ravalomanana aliondolewa madarakani kwa msaada wa jeshi, na Andry Rajoelina akashika nafasi yake. Wafadhili wakakata misaada, ulinzi wa mbuga ukalegea, na magenge ya wakata miti yakamiminika katika mbuga za Masoala na Marojejy, kaskazini mashariki. Walikuwa wakitafuta mti ambao hapa nitauita mpingo mwekundu, maana ni jamii moja na mpingo wetu, ila moyo wake ni mwekundu. Soko lake kubwa ni China, kwenye samani za kifahari. Mti huu ni mzito hata hauelei majini, kwa hiyo ili kuteremsha gogo moja mtoni hukatwa miti myepesi kadhaa ya kulibeba. Vibarua walilipwa kidogo sana, na faida ikabaki kwa matajiri wachache wa bandarini na walinzi wao wa kisiasa.

Misitu ya mashariki, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2007, ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2010. Mwaka 2013 mipingo yote ya jamii hiyo kutoka Bukini iliwekwa chini ya mkataba wa CITES, na biashara yake nje ya nchi ikasimamishwa. Haikuzuia kitu kwa haraka. Mwaka 2014 Singapore ilikamata magogo yapatayo 30,000, na mwaka huo huo makontena ya mbao hizo yakakamatwa katika bandari ya Mombasa. Magogo hayatembei peke yake hadi Kilindini. Yanahitaji meli, hati, wakala na mtu wa kutazama pembeni.

Mtu aliyejaribu kupaza sauti aliona cha moto. Clovis Razafimalala, mwanaharakati wa Maroantsetra aliyekuwa akifichua biashara hiyo, alikamatwa Septemba 2016 kwa madai ya kuongoza fujo katika maandamano, akakaa ndani miezi 10, na Julai 2017 akahukumiwa kifungo cha nje cha miaka 5. Mashirika ya haki za binadamu yalisema kesi hiyo ilikuwa ya kumnyamazisha.

Kobe nao wana njia zao za magendo. Bukini ina kobe mwenye michoro ya miale ya nyota mgongoni, na mwingine wa ghuba ya Baly, aitwaye angonoka, ambaye huenda ni adimu kuliko kobe wote duniani. Watu hununua wanyama hao Asia kwa pesa nyingi ili wawe mapambo ya nyumbani. Aprili 2018 maofisa waliingia nyumba moja ya Toliara wakakuta kobe zaidi ya 10,000 wamejazwa vyumbani hadi chooni, bila maji wala chakula. Mwishoni mwa 2024 Thailand ilirudisha karibu wanyama 1,000, kobe na lemuri, waliokuwa wameibwa kisiwani.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kobe hao wamelindwa karne nyingi bila askari. Waantandroy na Wamahafaly wa kusini wana mwiko, wao husema fady, wa kumla au hata kumgusa kobe huyo. Babakoto naye ana fady yake mashariki: husimuliwa kwamba aliwahi kumwokoa binadamu, kwa hiyo kumuua ni kama kumuua mzee wa ukoo. Sisi tuna kaya za Wamijikenda, ambako miti ilibaki imesimama kwa sababu ya aina hiyo hiyo ya mwiko. Si kila fady humfaa mnyama, lakini. Lemuri aitwaye ai-ai, mwenye kidole kirefu chembamba cha kuchokolea funza mtini, huuawa kwa kuwa anaaminiwa kuleta kifo kijijini, kama bundi wetu anavyopigwa mawe. Na mwiko una nguvu kwa mwenye nao tu: anayekuja kutoka mbali kutafuta dhahabu au shamba hamwogopi babakoto.

Migodi niitaje kwa ufupi, ingawa watu wa Kwale watataka kujua. Karibu na Moramanga kuna mgodi wa nikeli wa Ambatovy, ulio ndani ya msitu, ambao husafirisha tope lake la madini kwa bomba la kilomita 220 hadi Toamasina. Utafiti wa mwaka 2022 ulisema kampuni hiyo iko njiani kufidia msitu iliouondoa, kwa kulinda misitu mingine. Wanaozuiwa kulima katika misitu hiyo mingine ni wanakijiji, na gharama wanaibeba wao. Kaskazini mwa Toliara kuna mradi wa mchanga wa titaniamu ambao mwaka 2018 ulinunuliwa na kampuni mama ya mgodi wetu wa Kwale, uliofungwa Desemba 2024. Baadhi ya wenyeji waliupinga, serikali ikausimamisha Novemba 2019, kisha ikauruhusu tena Novemba 2024, ukiwa umeshapita mikononi mwa kampuni ya Marekani. Maswali wanayouliza watu wa huko juu ya fidia, makaburi na ardhi itakayobaki, Kwale wanayajua kwa moyo. Laiti kungekuwa na utaratibu wa wazee wa sehemu hizi mbili kukutana.

Tiba je? Mwaka 2003 Rais Ravalomanana aliahidi, katika mkutano wa Durban, kuongeza maeneo ya hifadhi mara tatu, kutoka hekta milioni 1.7 hadi milioni 6. Kwenye ramani ahadi ilitimia. Kwenye ardhi, maeneo mengi mapya yalikosa askari, magari na pesa, na wanakijiji wakagundua siku moja kwamba shamba la babu limo ndani ya mpaka.

Yaliyonivutia mimi ni madogo zaidi. Karibu na Ambalavao, wanakijiji wa Anja walianza kulinda wenyewe msitu wao wa hekta 30 hivi, wenye lemuri wa mkia wa pete, na kutoza watalii ada. Pesa huenda kwenye shule na miradi ya kijiji. Mwaka 2012 walishinda tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Kusini magharibi kuna Wavezo, wavuvi wanaotumia ngalawa kama zetu. Mwaka 2004, katika kijiji cha Andavadoaka, walikubaliana kufunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi kadhaa wasivue pweza. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo walipofungua walipata wakubwa na wengi, na kijiji cha jirani kilipoona nacho kikafunga. Kutoka hapo vijiji zaidi ya 20 viliungana kulinda bahari yao, wakauita umoja huo Velondriake, maana yake kuishi na bahari. Wavuvi wa Kuruwitu walioanzisha tengefu lao wanaujua mpango wa namna hii, na kule Pemba nako wameshafunga miamba kwa ajili ya pweza. Mwaka 2019 Velondriake walianza pia kuuza hewa ya ukaa ya mikoko yao, hekta zaidi ya 1,200. Katika hili sisi ndio tuliotangulia: Mikoko Pamoja ya Gazi ilianza mwaka 2013 kwa hekta 117.

Siseme kwamba hayo yanatosha. Pweza hurudi kwa miezi, mpingo mwekundu huchukua umri wa watu kadhaa. Ila penye faida inayoonekana mezani, mwenyeji ndiye huwa wa kwanza kumkamata mwizi, na hakuna mbuga yenye askari wa kutosha kushinda hilo.

Julai 2025 UNESCO iliitoa misitu ya mashariki katika orodha ya urithi ulio hatarini, baada ya miaka 15, ikisema ukataji wa mpingo umedhibitiwa. Miezi mitatu baadaye vijana waliandamana kwa sababu ya maji na umeme, jeshi likatwaa madaraka, na Rajoelina akaikimbia nchi. Mimi si mpinzani wa vijana, madai yao yalikuwa ya haki. Lakini anayekumbuka 2009 anajua ni wiki ngapi zilitosha kwa magenge kufika Masoala, na magogo yaliyokamatwa miaka ile bado ni mali inayotamaniwa.

Kwa hiyo mawakala wa forodha wa Mombasa wakumbuke kwamba mpingo wa Bukini hauna hati halali ya kusafirishwa nje, hata ikiwa na mihuri mingapi. Na ukiletewa kobe mwenye mistari ya manjano inayotawanyika kama nyota juu ya gamba jeusi, iwe Likoni, Mtwapa au Malindi, huyo si kobe wa hapa. Usimnunue hata kwa huruma, maana muuzaji atarudi na wengine. Wapigie KWS.